Kwa Dang Maolin, Mchoraji wa Mahindi Marefu Kuliko Nyumba

Mwaka umetimia tangu utuache, baba Yulong, na watu bado wanakuja kukusifu. Mpaka juzi wageni wa mjini walikuwa wakisimama sebuleni kwetu mbele ya picha yako ya mwisho, ile ya mahindi, wakisema, "Loo! Sanaa ya mkulima halisi!" Mkulima! Wewe ambaye jembe likikuona lilikuwa linacheka.

Hukuwa mtu mbaya, na hatutakusingizia. Kila mwaka mpya uliwachorea majirani samaki wa kubandika mlangoni bila kudai chochote. Ulikula tambi kwa siki nyingi, kwa kelele, kisha ukafutia brashi kwenye suruali niliyoifua asubuhi ile ile. Nguo zako zote nimezigawa. Hiyo suruali nimeshindwa kuitoa.

Lakini uchoraji wako niliudharau ukiwa hai, na leo naudharau vilevile. Ulianza ujanani, kwenye ukuta wa jiko la kijiji, wakubwa walipotaka kila ukuta useme kwamba tumeshiba. Ulichanganya masizi, chokaa na udongo mwekundu, na ukapewa bakuli la unga upike gundi ili rangi ishike. Mahindi ukayachora marefu kuliko nyumba. Nguruwe ukamchora wa kupandwa kwa ngazi. Chini yake tulipanga foleni ya uji wa magome ya miti.

Nilikuambia, "Lete japo kiganja cha unga, mtoto analia."

"Mama Suisui, huo ni unga wa kijiji. Na picha si uongo, ni matumaini."

"Basi yachemshe hayo matumaini, tunywe mchuzi wake!"

Kesho yake nilimkuta Suisui, binti yetu wa kwanza, hajatimiza hata miaka minne, anaulamba ukuta. Alikuwa amenusa unga. Nawe ukamvuta mkono: "Toka hapo, unaniharibia mahindi!" Alifariki kabla ya msimu wa kupanda. Ulilia, sikatai. Kisha ukaenda kupaka rangi upya pale alipolamba.

Baadaye wewe na wachoraji wenzako wa kijijini mkahamia kwenye karatasi. Akaletwa mwalimu kutoka mjini, akawafundisha kuchora matrekta. Matrekta yalipopitwa na wakati akaja mwingine, akawaambia msahau yote, mchore majogoo na maharusi kama bibi zenu walivyodarizi, maana ndivyo wageni wapendavyo. Mkaitikia. Bendera hufuata upepo. Siku hizi mashine inachapa majogoo yenu kwenye mikoba, na watu ambao hawajawahi kufuga hata kifaranga wanatia sahihi. Wewe ulirudia mahindi yale yale mpaka mkono ukaanza kutetemeka, na kila mara uliyaongeza urefu.

Juzi nyumba ya utamaduni ya mjini ilituma watu waichukue ile picha ya sebuleni, wakaitundike kwenye jumba lao la maonyesho. Yulong alikuwa ameshaifunga kwa kitambaa.

"Mama, hii ni historia."

"Historia ilikula nini mwaka ule?"

"Jamani mama, watu wanasubiri nje!"

"Wape chai. Wakimaliza, waage."

Kwetu marehemu hupelekewa vitu kwa moto. Nyumba ya karatasi ikichomwa hapa, huko inakuwa nyumba kweli. Suisui hakupewa kaburi, watoto wadogo hawakupewa, na miaka yote hii sijajua nimpelekee wapi chakula. Wewe unalo kaburi. Kwa hiyo leo asubuhi mimi mwenyewe nimeibeba picha yako, nimeichomea hapo ulipolala, mahindi yote, mpaka bua la mwisho. Kwa mara ya kwanza yanalika. Mtafute binti yako, Maolin. Umwite kwa upole, wala usimvute mkono.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, Hou Suqin; mwanao Yulong, ambaye bado amenuna; mkwe wako na wajukuu wako wote.

Hatutakusahau kamwe. Mtoto ale kwanza.