Udongo Nilioachiwa

Haneti, 11 Februari 2024

Mwanangu Yudith,

Mbukwa. Hujambo huko? Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu, na nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nakuandikia kwenye daftari kama alivyokuandikia baba yako ulipokuwa shule ya bweni. Erica, binti wa shangazi yako, atapiga picha ukurasa huu na kukutumia. Kupiga simu siwezi. Nikianza kulia inakula salio.

Siku ya mazishi ya baba yako Erica alikushikia simu uone, lakini mtandao ulikatika jeneza likiwa bado juu. Ndugu zako wote walirusha udongo. Ilipofika zamu yako nilichota konzi moja nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Baba yako mdogo Matonya alininong'oneza, "Shemeji, udongo hauwekwi akiba." Nikamwambia, "Huu una mwenyewe."

Kopo liko juu ya kabati. Kaburi hatutalijengea mpaka urushe wako. Utakuja lini?

Mama yako


Penang, 3 Machi 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na unalikanda kwa maji ya moto. Mimi mzima. Nimehama tena, huu ni mji wa nne. Kila ninapofika natafuta vitu vitatu tu: meza, kiti na mtandao usiokatika.

Najua hadi leo huielewi kazi yangu. Mtu anasafiri, anafika hotelini usiku, anakuta chumba alicholipia kapewa mwingine. Anapiga simu kwa hasira, na simu hiyo inaingia kwenye kompyuta yangu, naipokea mimi. Hajui niko nchi gani. Kampuni nayo haijali, mradi niingie zamu.

Ule mstari wa kopo niliusoma nikafunga kompyuta, nikatembea mpaka viatu vikanichubua. Mkataba unaisha Juni. Nitakuja Juni.

Mwanao,
Yudith


Haneti, 29 Agosti 2024

Mwanangu,

Mbukwa. Unakula vizuri? Juni imepita na Julai imepita. Alizeti tumeshavuna, ilikuwa ya wastani. Mbuzi wa jirani wanapanda juu ya baba yako, kwa hiyo nimemzungushia miiba. Matonya anasema kaburi la mtu mwenye watoto wasomi halizungushiwi miiba kama zizi. Nimemjibu kwamba msomi anayesubiriwa yuko njiani.

Erica anakusalimu. Anasema ukija umletee mafuta ya nywele, lakini yasiwe kisingizio cha kuchelewa.

Mama yako


Cebu, 19 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kimya hiki. Mwili ni mzima.

Juzi mama mwenye nyumba aliniuliza wazazi wangu wanafanya nini. Nikamjibu kwamba baba analima alizeti, na wakati huu wa mwaka yuko shambani anapalilia. Maneno yalitoka yenyewe. Usingizi ulinipotea, nikakumbuka kwamba nimesema hivyo hivyo kila mji nilioishi. Kuna fundi viatu huko Penang anajua kwamba baba anapenda uji wa uwele usiotiwa sukari. Kuna msichana wa maktaba anajua anavyopiga chafya mara saba.

Huku hakuna aliyemzika, Mama. Nyie wote mmeshamzika. Nikija Haneti, nitakuwa mtu wa mwisho kumzika, na nitafanya hivyo kwa mkono wangu, kwa udongo uliowekewa jina langu. Nikifikiria kopo lile nahama mji.

Usimsomee Erica sehemu hii.

Yudith


Haneti, 6 Aprili 2025

Mwanangu Yudith,

Mbukwa. Barua zako zinaingia kwenye simu ya Erica na yeye ndiye anayenisomea, kwa hiyo ameshaiona. Alilia kuliko mimi.

Nami nilimzika, Yudi. Kesho yake niliamka nikachemsha uji wa watu wawili, nikawamwagia kuku ule wa pili. Keshokutwa yake nikachemsha wa mtu mmoja. Sijui njia nyingine ya kukueleza.

Mvua za mwaka huu zimelididimiza kaburi upande wa kichwani. Maji yanatuama pale. Matonya ameshaleta saruji na mawe, na ukoo unanitazama mimi. Nimewaomba wasubiri kiangazi. Wamekubali mara ya mwisho: Jumamosi ya tarehe 27 Septemba watamwaga zege. Baada ya hapo hakuna pa kurushia udongo.

Mama yako


Kuala Lumpur, 24 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Hujambo na goti? Mimi sijambo. Zamu zimeongezeka, nalala vipande vipande. Hapa ni upepo na vumbi, nikifua nguo zinakauka kabla sijamaliza kuanika. Tarehe nimeiandika ukutani. Tiketi bado sijapata ila naitafuta.

Wasalimu wote.

Yudith


Haneti, 14 Septemba 2025

Mwanangu,

Mbukwa. Natumaini uko mzima. Najua uko mzima, nimekuona.

Optatus, yule konda wa basi la Kondoa, alisimama dukani kwa Erica kununua soda. Akasema, "Yudith wenu karudi lini? Nimemwona mtaa wa Kikuyu, pale mjini Dodoma, ananunua mlenda. Kanenepa, nje kumemkubali." Erica akamwambia, "Wewe unafananisha watu kama unavyorudisha chenji." Optatus akasema, "Kovu la kidevuni nalo nimelifananisha?" Hapo nikaondoka bila kuaga.

Jumatano nilipanda basi na kopo langu. Nikauliza uliza Kikuyu mpaka nikaona kanga niliyokupa ikiwa kwenye kamba. Dirisha lilikuwa wazi. Umenipa mgongo, umevaa vile vya kusikilizia masikioni, unaongea Kiingereza. Sikuelewa hata neno, lakini nilielewa kwamba unambembeleza mtu. Ulikuwa na sauti nzuri sana. Nilisubiri umalize. Ukamaliza, ikaingia simu nyingine, ukaanza upya.

Sikubisha hodi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukijificha ghalani, na baba yako alisema, "Msimwite, akiitwa anazidi kuingia ndani." Nikarudi na kopo.

Zege ni tarehe 27, saa nne asubuhi. Basi la kwanza linatoka mjini saa kumi na mbili.

Mama yako


Kikuyu, Dodoma, 16 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Nimeandika mahali nilipo kwa mara ya kwanza tangu Julai; ile ya Kuala Lumpur niliiandikia hapa hapa.

Nilitua Dodoma nikiwa na nia ya kuja moja kwa moja. Nikasema nilale mjini siku moja, nioge, nisije nyumbani na sura ya safari. Asubuhi nikaingia zamu. Siku ya tatu nikapanga chumba. Meza, kiti, mtandao. Saa mbili za basi zimenishinda, mimi niliyevuka bahari mara sita. Nilianza kujiambia kwamba Dodoma ni mji wa saba tu, na mwenye nyumba aliponiuliza kuhusu wazazi wangu, nikamwambia baba analima Haneti.

Kuna sentensi tunayofundishwa kazini. Mteja akikaa kwenye simu muda mrefu, tunaanza kwa kumwambia, "Samahani kwa kukusubirisha." Nimewaambia maelfu ya watu nisiowajua. Ulipokuwa umesimama dirishani, bila shaka nilikuwa namwambia mtu.

Samahani kwa kukusubirisha, Mama.

Nimeomba ruhusa. Jumamosi ya tarehe 27 nitakuwa kwenye basi la kwanza.

Mwanao,
Yudith


Haneti, 28 Septemba 2025

Mwanangu Yudith,

Mbukwa. Ulifika salama ulikorudi?

Saa nne hatukuanza. Niliwapikia mafundi chai, nikawapikia tena. Basi la kwanza lilipopita saa mbili, Optatus alikuwa ameshuka mwenyewe, akavua kofia. Akasema, "Alipanda, mama. Alikaa dirishani, ana mfuko wa mafuta ya nywele mapajani. Tulipofika Mayamaya, katikati ya njia, akaniomba nisimamishe. Nikadhani anatapika. Akavuka barabara, akasimama upande wa magari yanayorudi mjini."

Tuliendelea kusubiri mpaka saa nane. Mafundi wakasema zege walilolichanganya linaganda. Matonya, na mdomo wake wote ule, alinishika kiwiko tu. Nikafungua kopo. Udongo ulikuwa umekauka kama unga. Nikamwambia baba yako kwa sauti watu wakasikia, "Luka, huu ni wa Yudith. Yuko njiani." Upepo ukachukua nusu.

Nimeliosha kopo, nimelianika, sasa natilia chumvi. Kule makaburini hakuna tena kinachokungoja, kwa hiyo Mayamaya pasikutishe.

Neno moja lililobaki. Nimemwambia Erica kwamba siku yangu ikifika asikuwekee konzi ya udongo. Sitaki. Njoo sasa, nikiwa bado mtu wa kukuuliza umekula nini.

Uji nachemsha saa moja asubuhi. Tangu jana nachemsha wa watu wawili.

Mama yako