Nimeliuza Gari la Watu

Baba,

Nakutolea salamu kwanza, maana najua nikianza bila salamu utakunja uso hata huko kaburini Bombo tulikokulaza. Amani iwe juu yako. Sasa nisikilize, na usinikatize. Nimeliuza gari.

Ndiyo, lile lile refu la viti vinane. Hapa uani Kisugu limesimama jingine, dogo, la buluu, milango yake myepesi mpaka naogopa kuifunga kwa nguvu. Bado naliegesha pembeni kabisa, namwachia nafasi mtu ambaye hayupo. Naenda nalo kliniki Bukoto na kurudi, wiki nzima, foleni na jua, na mshale wa mafuta haushuki kwa fujo. Ningepaswa kufurahi. Sifurahi, Baba, na sijui nikae wapi.

Unajua lile lilivyokuwa linakunywa. Na wewe na sheria yako: "Tangi lisishuke chini ya nusu. Wewe unajua nani atakufa kesho?" Sawa, wewe ulikuwa na duka Old Kampala. Mimi napokea wagonjwa wa meno. Nusu ya tangi lile ilikuwa inameza mshahara wangu kabla sijanunua hata sukari, halafu fundi naye anataka tairi, anataka breki. Na mimi peke yangu ndani, viti vyote vitupu nyuma yangu, nimekwama kwenye jamu. Nilijaribu kuishika sheria yako, nikashindwa. Siku dalali alipoondoka nalo nilisimama getini nikaona aibu kama niliyemtoa mgeni nyumbani.

Maana halikuwa letu. Mtaa mzima ulikuwa unaliita gari la Hajji, na mtu akifariki, kabla hawajamwambia hata imamu, simu yako ndiyo ilikuwa inalia. Unakunja viti, jeneza linaingia, unasema bismillahi, unaondoka taratibu. Umembeba Mzee Khamis. Umembeba yule fundi cherehani Mkongo ambaye hatukumjua ndugu yake hata mmoja. Nawe ukaingia humo humo. Kaka Juma ndiye aliyeendesha, mimi nikabaki na wanawake. Lilipofika konani taa ya kukunjia ikawaka, nikasema moyoni, huyu mzee hata leo anawapa watu ishara. Nikacheka, Baba.

Laini yako ninayo, nimeiweka kwenye simu yangu. Tangu niuze gari haijalia. Mume wa Bi Salima amefariki, mimi nimesikia sokoni, mkononi nina nyanya, tayari wameshazika. Muuzaji akanieleza kwa upole tu: "Tulijua gari haiko, nyabo." Nikarudisha nyanya nikaondoka. Nilikasirika vibaya sana. Kwa hiyo miaka yote walikuwa wanaita gari? Sisi je? Wewe je? Kuanzia hapo situlii. Naosha vyombo visafi. Naangalia kama simu ina mtandao. Natoka uani kukitazama kile kigari, kana kwamba kitakuwa kimekua.

Alhamisi iliyopita Mama Zaitun akafariki, yule aliyekuwa akinisuka nywele na kunipa kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, vya bure. Hawakupiga tena. Nilisikia kwenye kipaza sauti cha msikiti. Nikachukua ufunguo, na sikujua naenda kufanya nini, maana humu jeneza haliingii hata ukimkunja dereva.

Nikakuta wamekodi gari la kumpeleka. Wanaume wamesimama nje, adhuhuri inakaribia, na maiti bado hajaoshwa. Hajati Rehema na wadogo zake, wale waoshaji wa siku zote, wako Old Kampala. Jamu imefunga, boda hawawezi kupanda, na zamani wewe ndiye uliyekuwa unawafuata. Kila mtu anatazama simu yake. Hakuna aliyenitazama mimi. Nikasema nitawaleta. Mmoja akaliangalia gari, akaniuliza, "Na hiyo?" Na hiyo hiyo, nikamwambia, nikaondoka kabla sijalia.

Ungewaona, Baba. Hajati mbele, ndoo magotini. Wadogo zake nyuma na sanda, pamba, kafuri, na mkeka uliokuwa unanichoma shingo. "Wewe mtoto, hii gari ama sanduku?" "Banange, goti yangu!" Waligombana njia nzima na mimi nilikuwa nataka wasinyamaze. Nikapita vichochoro ambavyo wewe ulikuwa unavitazama tu kwa hasira, kuta zikanikosa kidogo sana. Tukafika. Wakamwosha Mama Zaitun kwa wakati, akaswaliwa, akaenda.

Nilipowarudisha, Hajati hakushuka mara moja. Akagonga dashibodi kwa kidole, akauliza, "Namba ya Hajji, hiyo munayo bado?" Nikasema ninayo, Hajati. "Kale," akasema, akachukua ndoo yake. Basi. Sawa ya Kiganda, ila sijui alikuwa anakubali nini. Nimekaa na hiyo kale tangu Alhamisi, naigeuza huku na huku.

Jeneza watatafuta gari lingine, hilo siwezi kukuficha. Hata mimi siku yangu sijui nitabebwa na nini, na hilo linanisumbua kuliko ninavyopenda kusema. Ila kutoka kwa Hajati nilipita kituo cha mafuta. Mshale ulikuwa umeshuka chini ya nusu, unywele tu. Kijana wa pampu akashangaa naongeza kidogo hivyo. Nikalipa, na pesa ya sukari ikabaki.

Kwaheri, Baba. Lala vizuri na wote uliowapeleka. Mshale hautashuka tena chini ya nusu, na laini yako sitaizima, hata isipolia.

Mwanao,
Mastura