Kidonge Hakitoki ila Jumanne na Ijumaa

Jumapili, 2 Machi

Baba, shikamoo. Natumaini wewe na Mama mmeamka salama, na mashine ya kusafisha damu haikumchosha sana. Mimi mzima, ila miguu inauma. Najua huu ni ujumbe wa simu tu, lakini nimeuandika kama barua, nikijua mpeleka barua mstaafu kama wewe hapokei kitu kisicho na tarehe na salamu.

Jana nimepanda ngazi tena kubadilisha namba za bei kwenye ubao wa kituo chetu. Wateja wananitazama kana kwamba bei ya mafuta naipanga mimi. Mmoja alizima injini ya gari lake kubwa, akashuka, akaenda zake kwa miguu. Magari makubwa sasa yanauzwa kwa bei ya kutupa na hayapati mtu, lakini vigari kama Kidonge chako vinagombewa. Kidonge leo kina thamani kuliko siku ulipokinunua! Kiuze, Baba. Mafuta yakishuka utajuta. Mama tutampeleka kwa teksi.

Mwanao

Jumatatu, 3 Machi

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima. Mama yako anasema upake miguu mafuta, lakini si ya pampu.

Kuhusu Kidonge, hapana. Teksi ya jirani imelala chini ya turubai, mwenyewe anasema akiitoa anapata hasara. Sasa Mama yako atafika kliniki kwa nini, kwa mgongo wangu? Daktari alishatuambia wazi: akikosa mashine mara mbili mfululizo, tusimlaumu mtu. Kidonge ndicho miguu yake. Tuzungumze mengine.

Babako

Ijumaa, 14 Machi

Baba, shikamoo. Habari za nyumbani? Mama anaendeleaje?

Usinikasirikie. Nimetangaza Kidonge mtandaoni, kujua bei tu. Nimekipamba hasa: "Kigari cheupe, mafuta hakinywi, kinanusa. Dereva mmoja, mzee mtaratibu. Hakitoki ila Jumanne na Ijumaa, kumpeleka mgonjwa kliniki." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayowavuta, kwa sababu yanaonyesha gari halijachoka. Simu hazikatiki! Wawili watatu nimewaelekeza nyumbani. Wasikilize tu, kusikiliza si kuuza.

Mwanao mkorofi

Jumatano, 19 Machi

Marahaba, mkorofi. Mimi mzima. Mama yako si sana. Jana mashine iliharibika tukarudishwa, na leo uso umemvimba. Keshokutwa Ijumaa lazima aipate.

Wageni wako wamefika. Nilikusudia kukugombeza, lakini kusema kweli nilifurahi, maana tangu nistaafu hakuna aliyenigongea mlango akitaka kitu changu. Wa kwanza alipiga gurudumu teke. Wa pili alilia bei mpaka nikamhurumia. Wa tatu alikuwa na shati jeupe lililonyooshwa. Yeye hakufungua boneti, hakuwasha injini, hakuomba nimpunguzie. Mnunuzi asiyeomba apunguziwe sijapata kumwona. Aliuliza kliniki ni ipi, tunaegesha upande gani, na mgonjwa hushuka saa ngapi. Nikamwambia mimi huenda kwanza dirishani kuchukua namba, Mama yako hubaki kiti cha nyuma amejifunika shuka lake. Akasema, "Vizuri sana, mzee," akaaga.

Jana nilimwona ng'ambo ya lango la kliniki. Nikampungia mkono. Alinitazama tu.

Babako

Jumatano, 19 Machi, jioni

Baba, shikamoo. Pole kwa Mama.

Tangazo nimelifuta. Juzi mteja wetu alinyang'anywa kigari akiwa amesimama kwenye taa za barabarani. Wanaviiba kwa sababu havilali, vinauzika siku hiyo hiyo. Na siku zenu nimewatajia mimi, Baba, kwa mdomo wangu, nikiona nimeandika cha maana. Naogopa. Ijumaa tafuteni usafiri mwingine, tafadhali.

Mwanao

Alhamisi, 20 Machi

Marahaba, mwanangu. Usijiumize, hukujua.

Nimezunguka mtaa mzima. Wenye magari makubwa hawana mafuta, wenye vigari wameviuza. Tutakwenda na Kidonge. Lakini dawa nimeipata: nitakitia mafuta ya kufika kliniki tu, ya kurudi nitanunua huko huko. Atakayekiiba hafiki mbali! Mama yako amecheka mpaka akakohoa. Nitamshusha nikae naye kwenye benchi, ingawa unajua miguu yake kabla ya mashine.

Lala salama.

Babako

Ijumaa, 21 Machi

Wamekichukua. Benchi lilijaa, akaniambia nimwache alale kidogo. Nilikuwa dirishani tu. Mama yako yumo ndani.

Baba, mafuta yalikuwa kiasi gani?

Ya kufika. Taa nyekundu ilikuwa imewaka tulipoingia langoni.

Basi hawajafika mbali. Fuata barabara ya kutoka mjini. Waambie polisi watafute kigari kilichosimama, si kinachokwenda. Mimi nimeacha kazi, niko kwenye basi.

Baba?

Baba, nijibu.

Tumekipata. Kimezimika kabla ya daraja, hapana nyumba wala duka. Milango ya mbele wameiacha wazi, wamekimbia. Mlango wa nyuma umefungwa vizuri. Shuka liko kwenye kiti, limekunjwa mara nne, kama anavyolikunja yeye asubuhi. Alishuka mwenyewe, mwanangu. Aliona hakiendi, akaamua kutembea. Unamjua Mama yako.

Kandambili moja iko hapa kando ya barabara. Ya pili tumeikuta mbali kidogo, kwenye majani marefu. Kutoka hapo hatuoni alama. Polisi wanapita upande wa chini, mimi nimepita juu, namwita na haitiki.

Mhudumu wa kliniki amenipigia, hajasikia yaliyotupata. Anasema mashine imetengenezwa, kitanda kiko tayari, anauliza tumefika wapi.