Kibuyu cha Mbayuwayu

Odell mwanangu,

Mkate wa mahindi nimeufunika jikoni. Hiki kibuyu cha mezani usikitupe.

Asubuhi hii mbayuwayu wa kwanza amerudi. Kauzunguka mlingoti ambao marehemu baba yako alikuwa akiwatundikia vibuyu vya kutagia, hakukuta hata kimoja. Nikachukua kisu nikakitoboa hiki mwenyewe. Baba yako alikuwa akipima tundu kwa yai. Mimi nimekisia kwa macho, sasa bundi atapita na mizigo yake. Cheka tu!

Nimekwenda kwa shangazi yako Lavonia kuomba kingine.

~~Nikichelewa, kapande ngazi uki~~ Usipande peke yako. Nisubiri, nikushikie ngazi.

Ndege katoka Brazili mpaka Alabama kututafuta. Wewe na zamu zako za usiku umelala chumba cha pili, na sijakutia machoni tangu Jumapili.

Mama