Mpaka wa nyuma aitike

Papa mpendwa,

Mvua imeacha kunyesha hapa Kamina, na mahindi yako nyuma ya nyumba yamekauka. Uliposhika baiskeli kwenda Kabongo kumchukua Kaku, mama yako, yalikuwa yanamfikia mdogo wangu Ilunga magotini. Ulimwambia utarudi kabla hayajampita kimo. Sasa vita imekata barabara, na Ilunga ameacha kwenda kujipima nayo.

Nimemaliza shule, Papa. Natamani ungekuwepo, hata kama nisingejua la kukuambia.

Siku hizi nakumbuka sana ule mgodi wa zamani wa dhahabu. Wazazi walikucheka: mwalimu gani anawapeleka watoto wa darasa la tano kwenye shimo ambalo hata Wazungu walishalitupa? Tulipanda treni asubuhi, kisha tukatembea kwenye majani marefu hadi mlimani. Nilikuwa mwanafunzi wako na binti yako, na kwa sababu sikujua nikuite Mwalimu au Papa, sikukuita kabisa.

Mlangoni ulifungua kamba ya kisima, kila mtoto akashika mahali pake. Wewe mbele na taa, mimi nyuma ya wote. Uliona nataka kulia, ukainama.

"Sauti yako iko kidogo," ulisema. "Nikisikia weye, nitajua bote beko, hakuna mwenye amebaki."

Ndani kulikuwa na baridi, maji yakitudondokea shingoni. Uliposogeza taa ukutani, wenzangu walipiga kelele kwamba wameona dhahabu. Ukasema hayo ni mawe tu yanayong'aa. Dhahabu ilipanda treni kabla hatujazaliwa, tulichoachiwa ni alama za sururu za babu zetu. Ukatufanya tuziguse. Banza akauliza kama babu yake hakumwachia hata punje. Ukamjibu kwamba alimwachia pua, na shimo lote likacheka.

Wakati wa kutoka, wa mbele walikuwa wameshafika juani, mimi bado niko gizani nyuma ya kona. Ukaita, "Wa nyuma, uko?" Niliitika, lakini sauti ilibaki kifuani. Ukaita tena. Nilisikia watoto wakilalamika kwamba wana njaa na treni itatuacha.

"Hatutoke hapa mpaka wa nyuma aitike," uliwaambia.

Hukuvuta kamba, hukukasirika. Ulingoja tu, na mimi nikajua utangoja hata kama treni itaondoka. Ndipo nikasema, "Niko." Ulivyonipokea mlangoni, mtu angedhani nimetoka na kipande cha dhahabu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Baba Mudogo alitukusanya. Watu wanaokimbia kutoka upande wa Kabongo, hakuna aliyekuona. Usimkasirikie, macho yake yalikuwa mekundu. "Tukae chini, tumulilie ndugu yangu," alisema. "Bantu banatuuliza kilio iko wapi." Majirani walikuwa wameshaleta mikeka. Unajua kilio kikishakaliwa, mtu hasubiriwi tena: nguo zake zinagawanywa, na mtoto anayezaliwa anapewa jina lake. Koti lako jeusi lilikuwa tayari mapajani mwa Mama.

Mama akaniuliza mimi, kwa kuwa ndimi mtoto mkubwa nyumbani. Watu wote wakageuka kunitazama. Unanijua nilivyo.

"Hatutoke mpaka wa nyuma aitike," nilisema.

Wakubwa hawakuelewa. Lakini Ilunga, aliyeisikia hadithi hiyo kwako tangu akiwa mdogo, alisogea akashika pindo la kitenge changu. Ngoie, mdogo wetu, akamshika yeye. Tukasimama hivyo, watatu, kama wajinga, na mtu mmoja akacheka kidogo. Mama hakucheka. Aliinuka, akalirudisha koti kwenye msumari wake, kisha akaanza kukunja mkeka wa kwanza. Baba Mudogo akamtazama, akasema basi, tungoje mpaka mvua irudi.

Papa, sijui uko wapi. Ila najua giza la pale nyuma likoje, na kwamba mtu anaweza kuwa yuko na sauti isitoke. Jioni nikiteka maji nashika kamba ya kisima, ile ile, na ninakuita, polepole, ili majirani wasisikie. Nakuita Papa. Siku ile sikuweza.

Si lazima upaze sauti. Ukiitika kama nilivyoitika mimi, tutasikia.

Tuko mlangoni,
Binti yako, wa nyuma kwenye kamba