Macho ya Mwanasesere wa Mvua

Mama yangu mpenzi,

Ulinidanganya. Naanzia hapo, maana wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mwenye neno zito asilizunguke kama kuku anayetafuta pa kutagia. Miaka yote ulinitazama usoni ukaniambia kwamba mama yako aliyekulea hapa Andoany alikuwa Mngazija. Sasa niko hapahapa Andoany, kisiwani Nosy Be, kwenye kibaraza cha watu, na mezani nimemweka mwanasesere wako wa mvua pamoja na kipande cha mkaa. Tangu asubuhi nauinua mkaa na kuurudisha. Mimi niliyemwandikia gavana barua bila kusita, leo nashindwa kuchora nukta mbili.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama barua zote za nyumbani kwetu, ingawa kugombana tuligombana kwa Kingazija na kupatana tukapatana kwa Kibuki, lugha ya wenyeji wa huku Bukini. Na naiandika wazi, gazetini, kwa kuwa kilichonipata kilinipata mbele ya ukumbi mzima, na wasomaji wangu watayasikia tu. Bora wayasikie kwangu.

Unayakumbuka majira ya mvua ya Mahajanga? Mtaa wetu uligeuka mto, wavuta vigari wakavivua viatu na kuvishika kwa meno. Wewe ulikata kitambaa cheupe, ukakijaza usufi, ukafunga shingo kwa uzi, ukamning'iniza dirishani. Kichwa na kanzu, basi. Mdogo wangu Zaina alipokuuliza mbona mwanasesere hana macho, ulimjibu, "Bado hajafanya kazi. Akilileta jua, tutampa macho alione." Na jua lilipotoka ulimchora macho kwa mkaa, ukamnyunyizia maji ya sukari, tukateremka sote pwani kumwachia aende na maji. Mwaka uliofuata ukashona mwingine.

Fundi Madi, mwalimu wetu wa Kurani, alikuja siku moja na mwavuli unaochuruzika, ameudhika.

"Bi Fatima, hii ni sanamu."

"Sanamu ina macho, Fundi. Huyu hana."

"Na jua likitoka?"

"Likitoka hutakuwa na sababu ya kujibanza barazani kwangu. Ingia unywe chai."

Akaingia, akanywa, akasahau kukasirika. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nasikiliza. Watu huniuliza nilisomea wapi ubishi; huwataja waandishi wakubwa wa Ufaransa ili wanyamaze. Nilisomea nyuma ya mlango ule.

Ulitutoka majira kama hayo ya mvua, sisi tukiwa watu wazima. Ukiwa kitandani ulimwamuru Zaina akushonee yule wa mwisho, ukasema hutaki kuzikwa kwenye tope. Mvua haikukatika usiku wala alfajiri. Ilikatika tulipoliinua jeneza mlangoni, na watu wote waliinua nyuso kwa pamoja. Lakini nani siku ile angekumbuka macho ya mwanasesere? Zaina alimfungua dirishani, akamlaza sandukuni juu ya nguo zako za shiromani.

Humo ndimo nilimomchukua mimi baadaye, na sikumchukua kwa huzuni. Nilimchukua kwa vita.

Unajua tulivyoamka baada ya uhuru. Bendera ilipopanda, kila mtu akaanza kumwuliza jirani yake ametoka wapi. Wakatokea mabwana wa kutuambia sisi wenye asili ya Ngazija kwamba ni wageni katika nchi hii ya Bukini, kwamba hatuna chetu, tumeokota huku na huku. Nikawajibu. Makala baada ya makala nikawajibu, na hoja yangu kubwa alikuwa mwanasesere wako. Mfaransa hana, niliandika. Mwarabu hana, Mhindi hana. Huyu ni wetu, ametoka tumboni mwa pwani hii, hatukumwazima kwa mtu. Zaina aliyakata makala yale akayatunza. Sasa nataka ayatumie kuwashia moto, naye hataki. Anasema yanamchekesha.

Nilipoalikwa Japani kwenye mkutano wa waandishi wa nchi changa, nilifungua sanduku lako.

"Unampeleka wapi mwanasesere wa mama?" Zaina akauliza.

"Kumwonyesha ulimwengu kitu usichokijua."

"Haya. Mshike vizuri, ulimwengu usije ukamwiba."

Mama, ile nchi! Ungeiona Tokyo ungesema wanahama wote kwa siku moja: huku wanabomoa, huku wanajenga, huku wanakimbia, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Nilipanda treni yao mpya, iendayo kasi hata mashamba ya mpunga, yenye matuta kama ya watu wetu wa bara, yakawa mstari mmoja wa kijani. Kyoto walinikalisha mbele ya bustani isiyo na ua hata moja, mawe tu na changarawe iliyochanwa kama nywele. Nilidhani hawajamaliza kupanda. Kumbe imekwisha hivyo kwa karne nyingi, na watu huja kuketi na kuitazama wakanyamaza. Nilitazama nikanyamaza kidogo. Unajua kwangu si kazi ndogo.

Na nikaenda kwenye nyumba ya kuogea. Pale kuna birika kubwa la maji ya moto ambamo wanaume huketi pamoja, wazee kwa vijana. Nilikuwa nimeinua mguu kuingia, wazee wakanipigia kelele wote kwa pamoja, wakinionyesha vigoda na ndoo pembeni. Sikuhitaji mkalimani. Niliisikia sauti yako uani kwetu, wewe na pipa lako juu ya moto ambalo mtaa mzima ulilishangaa: "Jisugue kwanza ndipo uingie! Maji si yako peke yako!" Nikajisugua, nikaingia, nikakaa kwa kiburi nikiwaza: alaa, hata Wajapani wamefikia akili ya mama yangu. Jibu lilikuwa limenifika shingoni, linatoa mvuke, nami sikuliona.

Siku ya hotuba yangu ilikuwa Nagasaki. Asubuhi walitupeleka kutazama chupa za kioo zilizoyeyuka kama mishumaa siku ya bomu, na nilipanda jukwaani nimejaa hasira. Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati. Ni majira yao ya mvua. Nilisema kwa Kifaransa, na binti mmoja, Michiko, akitafsiri. Niliunguruma, mama. Nikafika kwenye hoja yangu, nikaingiza mkono mkobani, nikamwinua mwanasesere wako juu.

"Mtazameni! Kitu kama hiki hamjapata kukiona!"

Michiko alisita. Kisha akatafsiri, kwa sauti ndogo. Ukumbi ukageukia dirishani. Kisha ukacheka. Si kicheko cha dharau. Ni kile cha mashangazi wanapomwona mtoto amevaa viatu vya baba yake. Mama mmoja wa mstari wa mbele aliziba mdomo kwa mkono huku macho yakimlengalenga.

"Wanacheka nini?" nikafoka. "Waambie utamaduni wa watu hauchekwi!"

"Bwana," Michiko akasema polepole, "tazama dirishani."

Nikatazama. Pembeni ya meza ya chai, kwenye dirisha la ukumbi, alikuwa ananing'inia. Mweupe. Shingo imefungwa kwa uzi. Hana macho.

Nimewahi kulala rumande, mama. Nimewahi kuchomewa magazeti yangu mbele yangu. Yote hayo niliyapokea nimesimama. Siku ile niliketi palepale jukwaani, kwenye mbao, na hotuba ikaishia hapo.

Michiko akaja akachutama kando yangu. "Nani alimfundisha mama yako?"

"Mama yake mlezi."

"Alitoka wapi?"

"Ngazija," nikasema, na nilipolisikia neno lile likitoka nilijua kwamba siliamini tena.

"Mvua ilikatika?"

"Ilikatika. Siku ya maziko ya mama."

"Sasa mbona hujampa macho?" Alinikemea, hasa. Kisha akasema, "Sisi macho yakishachorwa humpa na pombe kidogo."

"Sisi humpa maji ya sukari. Mama yangu alikuwa Mwislamu."

Akafikiri. "Kama ni hivyo, huyo aliyemlea alimheshimu sana."

Mzee mmoja akasimama nyuma, akaniinamia. Alisema anatoka visiwa vya jirani, na kwamba zamani, njaa ilipokuwa kali, wasichana wengi wa kwao walipakiwa melini kwenda bandari za mbali za kusini. Wengine waliuzwa, wengine walidanganywa. Shangazi yake alikuwa mmoja wao. Hakuniuliza lolote. Nadhani aliogopa kuuliza kama nilivyoogopa kujibu. Na baada ya siku ile, mama, kila dirisha la nchi ile lilikuwa naye: stesheni, shule, duka la samaki. Kumbe alikuwapo tangu Tokyo. Nilikuwa natazama majengo.

Nilirudi Mahajanga, sikulala hata siku tatu, nikapanda meli ya pwani kuja hapa. Nyuma ya soko nilimkuta Koko Amina, rafiki yako wa utotoni, ambaye sasa hana meno lakini ulimi anao.

"Wewe mwana wa Fatima? Fatima wa Mjapani?"

"Ulijua?"

"Andoany nzima ilijua! Wewe bwana wa magazeti ndiye hujui?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha, akaniambia yote.

Akaniambia mama yako mzazi alikufa akikuzaa, na yule Mjapani mfuaji nguo wa nyumba ya pili akakuchukua bado una damu ya uzazi. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Akakupeleka chuo cha Kurani mwenyewe kila asubuhi, akakusubiri nje, kwa kuwa ulizaliwa Mwislamu na alisema amana haibadilishwi. Wewe ukaolewa Mahajanga. Ikaja vita, na siku moja askari wakamfuata. Walisema Mjapani huyu atawawashia taa manowari za kwao. Mwanamke aliyefua suruali za askari haohao! Walimpakia na pasi yake ya mkaa mkononi, hakuna aliyeambiwa anapelekwa wapi, na hakurudi. Serikali ile ya Wafaransa ilituletea vitabu vya ustaarabu nikavisoma vyote. Hakuna hata kimoja kilichosema habari ya pasi.

"Mama yako akaja na meli, akakuta nyumba imefungwa," Koko Amina akasema. "Dirishani kulikuwa na yule kitambaa, hana macho. Na jua kali siku ile. Fatima akamchora macho, akaenda naye gatini akamwachia. Nikamwambia, unalia nini, ni tambara tu. Akaniambia, 'Si wa mvua tena. Namtuma akamtafute.' Halafu akatuapisha sote tuseme hivi: 'Mama yangu ni Mngazija.' Alitaka watoto wake wasije wakachukuliwa."

Basi huo ndio uongo wako. Ulinifungia mlango kwa uongo, ukaniachia dirisha lina mwanasesere. Na mimi nikauchukua uongo ule nikaufanya bendera.

Nilikuja hapa nimekukasirikia. Bado nina hasira, ila imehama, imekwenda kwa wenyewe, waliomchukua mama yako. Na mabwana wanaosema tumeokota huku na huku, wasishangilie mapema. Ndiyo, tumeokotwa. Mama yangu aliokotwa na mwanamke aliyeuzwa, katika kisiwa ambacho si chake hata kwa unyayo, akalelewa akawa mama wa watu. Anayetaka kunitoa Bukini kwa hoja hiyo aje tuonane.

Mkaa huu nimeuogopa kwa sababu moja. Akipata macho hana budi kwenda, na huyu ndiye wa mwisho. Hakuna wa kunishonea mwingine. Lakini Michiko alinikemea sawasawa. Mvua ilikatika. Tulikuzika juani.

Nimemchora sasa hivi. Jicho moja limekuwa kubwa kuliko jingine, Zaina angefanya vizuri zaidi. Koko Amina ametoka ndani na maji ya sukari, amemtazama, amesema amefanana na mimi. Tunashuka naye gatini, palepale. Akikufikia, mwonyeshe mama yako.

Mwanao mbishi, mjukuu wa mfuaji nguo wa Andoany