Bastola Isiyotuna Ndani ya Kanzu

Edmonton, London
9 Machi 1997

Mpendwa mwanangu Matar,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Houston, na kile kikohozi chako kimekwisha. Mimi sijambo, ila magoti hayapatani na baridi ya hapa. Bado nimo edani, sitoki. Jirani huniletea mkate na maziwa. Tangu mume wangu, Ami yako Abdulsamad, atutoke nyumba imekuwa kubwa. Asubuhi natoa vikombe viwili kabatini, kisha narudisha kimoja.

Barua yako nimeipata. Bahasha ilikuwa na selotepu juu ya gundi, nikaigeuzageuza kwenye mwanga nione kama kuna mtu aliyeifungua njiani. Labda ni wewe mwenyewe uliyeifunga hivyo. Uniambie.

Unaniuliza rivolva ndogo ipi inafaa kuvaliwa kiunoni isionekane, kwa ajili ya majambazi wa dukani kwenu, maana sheria ya huko imewaruhusu, na Ami yako alikuwa polisi kwetu kabla ya Mapinduzi. Unasema lazima alinihadithia. Kweli alinihadithia, na sitaki useme nimekuficha.

Alisema ndogo huwahadaa watu. Mtutu mfupi, risasi tano tu, na kadiri inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyoumiza kiganja, hata mwenyewe huogopa kufanya mazoezi nayo. Asiyefanya mazoezi hampati amtakaye, humpata mpita njia. Bora ya chuma, yenye uzito kidogo. Nyundo ya nyuma ikichomoza hunasa kwenye nguo unapoitoa, basi afadhali ile ambayo nyundo yake imefichwa ndani. Na isivaliwe bila ala ya ngozi inayofunika kifyatulio. Hayo ndiyo yake.

Sasa yangu. Mwenye duka anayeogopa majambazi huweka silaha chini ya kaunta, na hupenda wajue kuwa anayo. Wewe umeuliza mara mbili isiyotuna ndani ya kanzu. Ni majambazi gani hao unaokutana nao ukiwa umevaa kanzu, mwanangu? Kanzu unaivaa Ijumaa, ukienda msikitini na mshirika wako Zulfikar. Na katika barua nzima hukumtaja, wewe ambaye zamani kila mstari ulikuwa Zulfikar kasema hivi, Zulfikar kacheka vile. Nimeona.

Nikusimulie ambalo Ami yako hakupenda lisimuliwe. Baada ya Mapinduzi alibaki na rivolva ndogo, akiivaa kiunoni kwa nyuma, ndani ya kanzu. Akijitazama kwenye kioo haonekani na kitu. Lakini kwenye kioo alikuwa akisimama wima tu. Ijumaa moja akarukuu, kanzu ikavutika mgongoni, mpini ukajichora wote. Nyuma yake alikuwa Rajab muuza kahawa, rafiki yake tangu chuoni. Walipokuwa wakivaa viatu Rajab akamwambia:

"Shehe, leo mgongo wako mzito."

Ami yako alicheka naye, akarudi nyumbani hana rangi. Siku hiyo hiyo aliitupa chooni, kwenye shimo. Lakini Rajab hakumtoka kichwani. Kwa nini kasema mzito? Kamwambia nani? Akaacha kunywa kahawa yake, akaacha kupita njia yake, na haukupita muda tukahama kisiwa kwa ajili ya neno lile. Hata leo sijui kama Rajab alimwambia mtu yeyote. Hapa London Ami yako alisali safu ya mwisho miaka yote, mgongo karibu na ukuta. Wakimwita mbele huwaambia, "Thawabu za mbele chukueni, mimi niachieni ukuta." Walidhani ni mzaha.

Wiki iliyopita Mwatima, mama yake Zulfikar, alikuja kutoka Hayes kunitazama. Alileta vileja. Tulimzungumza marehemu, akalia kidogo, kisha akaniuliza taratibu:

"Bi Mwanabaraka, marehemu si alikuwa polisi? Alikuwa akiisifu bastola gani, katika hizi ndogo?"

"Ya nini, dada? Unataka kuiba benki na miguu hiyo?"

Akacheka, kisha akaacha. "Zulfikar ndiye anayeuliza. Anasema Matar siku hizi hathubutu kumpa mgongo dukani."

Nilimtazama usoni. Sikujua kama katumwa kunichunguza au ni mama tu. Nikamjibu kuwa nimesahau, nikamzidishia chai. Alipoondoka nilisimama nyuma ya pazia mpaka basi lake likapita.

Nilishinda na jambo hili. Mwisho nikampigia Mwatima simu, nikamwambia kuwa na wewe umeuliza hilo hilo.

"Basi watauana hawa," akasema, "na atakayebaki ataapa kuwa alikuwa akijilinda."

Utasema Shangazi kanichongea. Sema. Nimekuchongea kwa mama yake, si kwa serikali. Mwatima bado simwamini kwa yote, lakini sauti ile haikuwa ya mtu aliyetumwa.

Tumekubaliana hivi. Jumapili ya tarehe 23 atakuja kwangu, tutapiga simu dukani kwenu; kwenu itakuwa asubuhi, hamjafungua. Mkae wote wawili upande mmoja wa kaunta, simu kati yenu. Sema linalokuuma, naye aseme lake. Kama ni shirika kuvunjika, livunjike tukisikia. Mpaka siku hiyo usinunue kitu. Na kama umeshanunua, iache nyumbani imefungwa, ila umwambie Zulfikar kwa mdomo wako kuwa unayo. Hilo la kumwambia ndilo ninalokuomba kuliko yote.

Nisalimie mkeo Zuwena na binti yenu Raya. Ndugu yako Haroub wa Southall anakusalimu. Wanawe huniamkia kwa Kiingereza, nami naitikia kwa Kiswahili, tunasikilizana. Mwenyezi Mungu akulinde na unachokiona na usichokiona, na amlinde Zulfikar pia.

Akupendaye siku zote,
Shangazi yako Mwanabaraka

Unikumbuke katika dua zako.